Utafiti wa jeni za Alzheimer unaelekea wapi, na kwa nini bila damu ya Waafrika hautafika mbali

Mteknolojia wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazini kwetu maabara, hapa Dar, kuna swali ambalo haliishi dirishani. Mtu anamleta mzazi kupima sukari au figo, akishapokea majibu anasogea karibu na kioo na kuuliza kwa sauti ya chini: "Hivi kuna kipimo cha kuniambia kama na mimi nitakuja kusahau kama mama?" Wengi wana miaka arobaini na kitu. Wameuguza mzazi aliyefika mahali hamtambui mtoto aliyemzaa, na hofu yao ni ya kweli. Nimeona nijibu kwa kirefu hapa ili na wengine wafaidike.

Jibu fupi: kipimo kipo, lakini majibu yake kwa mtu wa Ilala au Temeke bado hayasomeki kwa uhakika. Sababu ya kutosomeka ndiyo uzi wenyewe.

Tuanze na msingi. Kwa upande wa kurithi, Alzheimer, huo ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, ina sura mbili. Ya kwanza ni ile inayoanza mapema, mtu akiwa na miaka 40 au 50, hata 30 na kitu. Hii husababishwa na kasoro kwenye jeni moja kati ya tatu: APP iliyopo kromosomu ya 21, PSEN1 ya kromosomu ya 14 na PSEN2 ya kromosomu ya 1. Kasoro ya kwanza ya APP ilitangazwa 1991, hizo mbili zikafuata 1995. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na aliyeirithi karibu kila mara huugua. Ndiyo maana pia watu wenye sindromu ya Down, ambao wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, huanza kujaza amiloidi kwenye ubongo (protini inayotokana na APP na kurundikana kwa mwenye Alzheimer) mapema mno, wengi kabla au karibu na miaka 40. Lakini familia za aina hii ni chache sana. Hazifiki asilimia 1 ya wagonjwa wote.

Sura ya pili ndiyo inayotuhusu wengi, ile ya baada ya miaka 65. Hapa hakuna jeni moja inayoamua. Kuna nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Mwaka 2022 watafiti wa Ulaya na wenzao walichapisha orodha ya sehemu 75 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu, baada ya kulinganisha zaidi ya watu 111,000 wenye ugonjwa, au ambao mzazi wao aliugua, na wengine zaidi ya 677,000 wasio nao. Ila katika zote hizo, moja inazipita nyingine kwa mbali sana: APOE, kromosomu ya 19.

APOE inatengeneza protini inayobeba mafuta mwilini na kwenye ubongo. Ina aina tatu za kawaida, APOE2, APOE3 na APOE4, na kila mmoja wetu ana mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1993 kundi la Allen Roses pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilionyesha kwamba APOE4 inaongeza hatari ya Alzheimer. Kwa Wazungu, kuwa nayo moja huongeza hatari mara tatu hivi, na kuwa nazo mbili huongeza mara kumi au zaidi. APOE2 yenyewe inakinga.

Sasa njooni Afrika.

Mwaka 1992 watafiti walianza kufuatilia wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Dodoso lile lile, vigezo vile vile vya kumtambua mgonjwa. Matokeo ya 2001 yaliwashangaza wengi: kwa mwaka, waliopata Alzheimer Ibadan walikuwa asilimia 1.15, Indianapolis asilimia 2.52. Zaidi ya mara mbili. Na APOE4 ilikuwepo Ibadan, tena kwa wingi, lakini uhusiano wake na ugonjwa haukuonekana kama ulivyozoeleka. Baadaye, walipopata wagonjwa wengi zaidi, ikaonekana kwamba wenye APOE4 mbili hata Ibadan wana hatari iliyoongezeka, ila wenye moja hapana.

Kwa hiyo jeni ile ile inafanya kazi tofauti. Kwa nini? Mwanzoni wengi walisema ni chakula, kutembea sana, mafuta kidogo kwenye damu. Yawezekana yote yanachangia. Lakini 2018 kukaja utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao ukoo wao una mchanganyiko wa Afrika na Ulaya. Walitazama APOE4 ya mtu imekaa kwenye kipande cha kromosomu kilichotoka Afrika au Ulaya. Iliyokaa kwenye kipande cha Afrika ilikuwa na madhara madogo kuliko iliyokaa kwenye kipande cha Ulaya, ingawa watu wenyewe ni wa jamii ile ile. Mwaka 2021 watafiti wakapima seli za ubongo wenyewe, wakakuta APOE4 yenye kipande cha Ulaya inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Wimbo ni ule ule, ila kwa mmoja redio imefunguliwa sauti hadi mwisho na kwa mwingine imepunguzwa.

Nini kinachopunguza hiyo sauti? Inaelekea kuna kitu karibu na APOE, kwenye vinasaba tulivyorithi sisi, kinachofanya kazi ambayo makampuni ya dawa yanatumia mabilioni kujaribu kuifanya. Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika utafiti wa ugonjwa huu kwa miaka inayokuja, na haliwezi kujibiwa London wala Boston kwa sampuli za London na Boston. Hadi 2019, watu wa asili ya Kiafrika walikuwa asilimia 2 tu ya washiriki wa tafiti kubwa za jeni duniani, ilhali Afrika ndiko kwenye utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote.

Msimamo wangu basi: tuache kukimbilia kipimo, tukimbilie utafiti. Tushiriki, kwa masharti yetu.

Naomba kuwasilisha. Maswali yanakaribishwa.

---

Bint Gongo la Mboto

Asante kaka kwa elimu. Mimi nimeguswa moja kwa moja. Mama yangu ana miaka 71. Mwezi uliopita alitoka nyumbani alfajiri, tukamtafuta mpaka msikitini wakatangaza kwenye spika. Alipatikana Pugu, yuko peku, anasema anaenda kwa mama yake. Bibi alishafariki siku nyingi.

Majirani wanasema katupiwa kitu. Kaka yangu mkubwa anasema hii iko kwenye ukoo kwa sababu na bibi alikuwa hivi hivi. Mimi nipo katikati. Kama ni ya kurithi, mimi na wanangu tufanyeje?

---

Mteknolojia wa Tabata

Dada, pole sana, na mpe mama shikamoo yangu. Kumtafuta mzazi huku msikiti unatangaza jina lake ni jambo zito, nashukuru alipatikana salama.

Kabla ya jeni, naomba sana muanzie hospitali. Ubongo wa mzee unaweza kuyumba kwa mambo mengi yanayotibika: tezi ya shingoni (thairoidi) kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, sukari kushuka, sonona, damu kuvia kichwani baada ya kuanguka, hata mchanganyiko wa dawa anazotumia. Mengi ya haya yanapimika hapa hapa mjini kwa damu ya kawaida. Na presha isiyotibiwa huziba mishipa midogo ya ubongo na kuleta kusahau kunakofanana sana na Alzheimer, au kunakokuja pamoja nayo. Kaka yako asihukumu ukoo kabla hayo hayajatazamwa.

Kuhusu kutupiwa kitu: huu ni ugonjwa, una jina tangu daktari Mjerumani Alois Alzheimer alipoeleza ubongo wa mgonjwa wake mwaka 1906. Na si wa Ulaya peke yake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na baada ya kurekebisha kwa umri ikaonekana asilimia 6.4 wana shida hii ya akili, Alzheimer na za jamii yake. Wazee wale wapo vijijini, wanalima. Nasisitiza hili kwa sababu nchi yetu imewahi kuwapoteza bibi zetu kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayetembea usiku akiongea na waliokufa ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Walindeni.

Kuna jambo kutoka Hai ambalo kila mtafiti wa jeni anayekuja Afrika anatakiwa alijue. Vipimo vya kumbukumbu vya Ulaya humtaka mtu aandike sentensi, achore saa. Bibi ambaye hakusoma anafeli kabla hata ugonjwa haujaingia. Kwa hiyo kwenye kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa na kujaribiwa kwa wazee wa Tanzania na Nigeria, waliweka njiti nne za kiberiti. Mpimaji anazipanga mezani kwa umbo fulani, mzee anapewa njiti zake nne, anaambiwa apange kama zile. Hakuna kalamu. Njiti kila nyumba ipo, na mkono unaotetemeka kidogo bado unaweza kuisogeza. Ukikosea hatua hii, ukamwandika mzima kuwa mgonjwa kwa sababu hajui kusoma, hata mashine ya mabilioni ya kusoma jeni haitakuokoa. Utakuwa unatafuta jeni ya kutokwenda shule.

Na kwa swali lako la wanao: mama kuanza kusahau akiwa na miaka 71 haifanani na ile ya jeni moja inayoanza mapema. Hatari yenu inaweza kuwa juu kidogo kuliko ya wengine, lakini si hukumu. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya shida hizi duniani zinaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, sukari, mafuta kwenye damu, sigara, usikivu hafifu na kutosoma. Pima presha yako wiki hii. Hilo lina faida kuliko kipimo chochote cha jeni ninachoweza kukutajia leo.

---

Mzawa wa Buguruni

Mkuu umeeleza vizuri ila mimi nitapinga. Hizi habari za "damu yetu inahitajika" tumezisikia tangu tukiwa wadogo. Wanakuja na gari nyeupe, wanachukua damu, wanakupa soda na nauli, wanaondoka. Miaka kumi baadaye dawa inatoka, inauzwa kwa dola, wewe uliyetoa damu huwezi hata kuiona kwa macho. Kwa nini nimpeleke mzee wangu akachomwe sindano kwa faida ya watu wengine?

---

Mteknolojia wa Tabata

Mkuu, hoja yako ni ya haki na sitaizunguka. Yametokea, na kuna sampuli za Waafrika zimekaa kwenye majokofu ya nje ambazo wenyewe hawajui zinafanyiwa nini.

Hebu nikupe mfano unaoniuma zaidi. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi, asilimia 2 au 3 hivi, wana kasoro kwenye jeni iitwayo PCSK9 inayoizima. Watu hao walikuwa na mafuta mabaya kwenye damu pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Ugunduzi huo ulizaa dawa mpya za mafuta kwenye damu, zikaidhinishwa 2015. Dawa zinatibu dunia nzima. Nenda famasia yoyote Kariakoo uulize bei. Kwa hiyo tuna ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: vinasaba vya Waafrika vinaweza kuipa dunia dawa, na anayetoa anaweza kuambulia patupu.

Lakini tukisusa tunapata nini? Dawa zitatengenezwa hata hivyo, kwa kipimo cha miili ya wengine. Zikifika hapa tutazimeza bila kujua zinatufaa.

Na hatuanzi sifuri. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na ni moja ya makundi makubwa ya wagonjwa wa selimundu yanayofuatiliwa na kituo kimoja duniani. Sampuli ziko Upanga, wataalamu wamesomea pale pale, na wagonjwa wana kliniki ya kwenda. Hiyo ndiyo namna ninayoitaka kwa Alzheimer: utafiti uliofungamanishwa na huduma, na wenye mikono ya Watanzania kwenye uchambuzi wa takwimu na si kwenye kuchoma sindano peke yake.

Kwa upande wa sheria, tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, ile ambayo wengi tunaijua kwa habari za Mkemia Mkuu na kesi za ubaba. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Na utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili, ambacho NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) wanakisimamia kitaifa. Makaratasi tunayo. Kinachopungua ni mshiriki wa kawaida kujua kwamba anaweza kuuliza: sampuli yangu itakaa wapi, nani ataigusa, ikienda nje inarudi lini, na mkipata dawa mtafanyaje kwa nchi hii? Ukiuliza hayo mbele ya mtafiti na akapepesa, ondoka.

Tayari kuna muungano wa Waafrika wanaotafiti shida hizi za akili, una nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, na umeungana na mradi mkubwa wa Marekani uliolenga kuandikisha watu 13,000, 5,000 kati yao wakiwa kutoka Afrika. Kwa hiyo suala la kushiriki au kutoshiriki si la kufikirika. Linakuja mlangoni.

---

Nesi Kigamboni

Nipo siti ya mbele. Mkuu shusha nondo upande wa matibabu. Hizi jeni zikishajulikana, mgonjwa wetu wa wodini anafaidika vipi? Kuna matumaini ya kuibadilisha hiyo APOE4 yenyewe?

---

Mteknolojia wa Tabata

Nesi, asante, hapa ndipo ninapopapenda zaidi.

Kuna familia kubwa huko Antioquia, Colombia, ya watu wapatao 6,000. Kwao inapita kasoro ya PSEN1, ile ya kuanza mapema. Daktari Francisco Lopera alianza kuwafuatilia miaka ya 1980, akawatembelea milimani mpaka alipofariki 2024. Aliyerithi kasoro huanza kusahau akiwa na miaka 44 hivi, na kufikia 49 hivi ugonjwa umeshakuwa kamili. Inajulikana hivyo, vizazi na vizazi.

Katika familia hiyo akapatikana mama mmoja, Aliria Rosa Piedrahita de Villegas. Alikuwa na kasoro ile ile ya wengine. Miaka 44 ikapita, 50 ikapita, 60 ikapita, yuko timamu. Alianza kusahau kidogo akiwa ameshavuka 70. Walipompiga picha ubongo, walikuta umejaa amiloidi kuliko karibu wote wa ukoo wake. Lakini protini ya pili, tau, ambayo ndiyo hufuatana na kufa kwa seli, ilikuwa kidogo. Kusoma vinasaba vyake kukaonyesha kwamba ana badiliko adimu kwenye APOE, liitwalo Christchurch, tena alilirithi kwa baba na kwa mama. Taarifa yake ilichapishwa 2019. Alifariki 2020 na familia ikatoa ubongo wake kwa utafiti. Mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba wanafamilia 27 wenye nakala moja tu ya badiliko hilo nao walichelewa kuugua, kwa miaka kama mitano.

Miaka mitano, nesi. Wewe unajua kwenye nyumba miaka mitano ya mama kujua jina lako ina maana gani.

Mama mmoja amegeuza mwelekeo wa utafiti. Zamani kila mtu alikuwa anatafuta jeni inayougua. Sasa wanatafuta pia anayestahili kuugua na haugui. Iceland walipata mfano mwingine 2012, badiliko kwenye APP linalokinga. Na ndiyo maana Ibadan inanikaa kichwani: kuna wazee wenye APOE4 ambao hawaugui, na si mmoja.

Sasa upande wa tiba. Dawa mbili za kuondoa amiloidi, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa Marekani 2023 na 2024. Lecanemab ilipunguza kasi ya kudidimia kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Si kuponya, ni kupunguza mwendo. Lakini wenye APOE4 mbili ndio wanaovimba au kuvuja damu kwenye ubongo zaidi wanapoitumia, kiasi kwamba onyo limeandikwa kwenye dawa yenyewe na mgonjwa anashauriwa apimwe jeni kwanza, kisha apigwe picha za ubongo za MRI mara kwa mara. Onyo hilo limetokana na washiriki ambao wengi wao ni Wazungu. Kama APOE4 yetu ina tabia tofauti, je, hatari hiyo kwetu ni ndogo, ni ile ile, au ni kubwa? Hilo haliwezi kujibiwa kwa kukisia.

Kuhusu kuibadilisha APOE4: ndiyo, wanajaribu. Limefanyika jaribio la kuwapa wenye APOE4 mbili jeni ya APOE2 kwa kutumia kirusi kisicho na madhara kama chombo cha kuibebea hadi kwenye ubongo. Wengine wanatengeneza vipande vya vinasaba vya kunyamazisha utengenezaji wa tau, au wa APP. Yote bado ni majaribio ya awali. Na kuna jeni iitwayo TREM2, iliyotambuliwa 2012 na 2013, inayofanya kazi kwenye seli za usafi wa ubongo, mikroglia. Hiyo iliwaonyesha watu kwamba kinga ya mwili ni sehemu ya ugonjwa na si mtazamaji.

Kwa watu wa asili yetu kuna mambo mawili ya kutazama kwa karibu. Jeni ya ABCA7, ambayo 2013 ilionekana kuwa na uzito mkubwa zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko kwa Wazungu. Na badiliko moja la APOE3 liitwalo R145C, lililoripotiwa 2023, ambalo kwa Wazungu karibu halipo kabisa lakini kwa watu wa asili ya Kiafrika lipo, na linaongeza hatari kwa mwenye APOE3 na APOE4 kwa pamoja. Fikiria: vipimo vingi vya kawaida vinaisoma nakala hiyo kama "APOE3, kawaida", badiliko lenyewe halionekani.

Jambo jingine litakalotusaidia ni vipimo vya damu vya protini ya tau. Mei 2025 Marekani waliruhusu cha kwanza. Zamani kuthibitisha Alzheimer kulihitaji picha ya PET (inayoonyesha amiloidi kwenye ubongo) au kutoa maji ya uti wa mgongo, na bila uthibitisho utafiti wa jeni unachanganya wagonjwa wa mishipa na wa Alzheimer kwenye kapu moja. Ila figo zikiwa mbovu kiwango cha tau kwenye damu kinaweza kupanda chenyewe, na sisi tuna presha na kisukari vingi. Hapo tena vinatakiwa vipimwe viwango vyetu wenyewe.

---

Kijana wa Sinza

Nimeelimika sana. Mimi nimeona mtandaoni vile vifaa vya kutemea mate kwenye kichupa, unatuma nje, wanakutumia majibu ya magonjwa yote. Baba alianza kusahau akiwa na miaka 68. Nilikuwa nimeshajaza fomu, imebaki kulipia. Nisitishe?

---

Mteknolojia wa Tabata

Kaka, ushauri wangu ni usilipie.

Majibu yatakuja na asilimia. Asilimia hizo zimekokotolewa kwa Wazungu. Zile alama za jumla wanazopata kwa kujumlisha jeni nyingi ndizo zinazopotoka zaidi zikivukishwa bara. Utabaki na karatasi inayosema una hatari mara tatu, wakati kwa ukoo wako inawezekana haipo kabisa. Utakosa usingizi kwa namba isiyo yako.

Halafu kuna taarifa zenyewe. Kampuni ya 23andMe ya Marekani iliingiliwa na wezi wa mtandao 2023, taarifa za watu karibu milioni 7 zikafikiwa, na 2025 ikaomba kinga ya kufilisika huku wateja wakihangaika kujua vinasaba vyao vitauzwa kwa nani. Neno la siri likivuja unalibadilisha. Vinasaba hubadilishi, na vyako ni vya ndugu zako pia, ambao hawakusaini popote.

Kama baba angeanza kabla ya 60, na ndugu zake wawili watatu wakafuata hivyo hivyo, ningekwambia tofauti: ungemwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mkaongea kwanza na mshauri, ndipo mzungumzie kupima jeni zile tatu. Miaka 68 siyo hadithi hiyo.

---

Mama Wawili Mbagala

Samahani nachelewa kuingia. Mimi ninakubaliana na kushiriki. Ila mzee wangu hajui hata leo ni siku gani. Watafiti wakija, nani atakubali kwa niaba yake? Na majibu ya jeni wakiyapata wampe nani, maana tuko watoto saba na hatuelewani?

---

Mteknolojia wa Tabata

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa humu.

Kwa mzee ambaye hawezi tena kuamua, ndugu wa karibu anayemhudumia ndiye huombwa ridhaa. Lakini mzee mwenyewe lazima aelezwe kwa lugha yake, kila mara wanapokuja, hata kama atasahau baada ya dakika tano. Akivuta mkono wakati wa kuchomwa sindano au akionyesha hataki, wanaacha, hata kama mtoto ameshasaini. Mtafiti asiyekubali hilo usimruhusu aingie ndani.

Kuhusu majibu, mkubaliane kabla damu haijatoka, siyo baada. Mnaweza kusema hamtaki kujua chochote, na ni haki yenu. Mnaweza pia kusema anayetaka kujua aende mwenyewe akaonane na mshauri, peke yake. Kitu kisichofaa ni majibu ya mzee kusomwa mbele ya watoto wote saba sebuleni, maana kwa ile sura ya mapema majibu yake yanagusa kila mmoja wenu, na yupo atakayekuwa hajajiandaa. Kwa tafiti nyingi za ugonjwa wa uzeeni majibu ya mtu mmoja mmoja hayarudishwi, wanarudisha ya jumla. Ulizeni ni ipi kati ya hizo.

Kama wewe ndiye unayelala naye na kumlisha, jina lako ndilo liandikwe kama mhudumu, siyo la kaka mkubwa anayekuja sikukuu. Na karatasi ya ridhaa mbaki na nakala yenu nyumbani, yenye namba ya simu ya kamati ya maadili, siyo ya mtafiti peke yake.